Mahekalu ya Misri kwa Gari la Kukodi: Jinsi ya Kupanga Safari Kutoka Nairobi

Wasafiri wengi wanaotoka Nairobi kwenda Misri hununua mpango uliokwisha kufungwa na wakala: siku mbili za kuona piramidi za Giza, kisha siku tatu au nne ndani ya meli ya Mto Nili kati ya Luxor na Aswan. Mpango huo si mbaya, na kwa mzee asiyetaka kukaa garini muda mrefu huenda ndio unaomfaa zaidi. Hata hivyo, meli husimama pale ilipopangiwa na kwa saa iliyopangiwa, na abiria wa meli nyingi hushuka kwa pamoja, hivi kwamba hekalu la Edfu asubuhi na mapema hujaa watu kama kituo cha mabasi cha Machakos mkesha wa Krismasi. Zaidi ya hayo, mahekalu mawili ambayo mimi nayaweka mbele ya mengine yote, Abydos na Dendera, yako kaskazini mwa Luxor, nje ya njia ya meli nyingi. Gari la kukodi lenye dereva wake, pamoja na mwongozaji aliyesomea kazi hiyo, hukupeleka kusikofika meli, na tena huondoka kwa saa uliyoitaka wewe. Ukilipia gari hilo, saa ndiyo unayoinunua, na maelezo yanayofuata yanaonyesha jinsi ya kuitumia katika safari ya siku saba hivi.

Matayarisho kabla ya kuondoka

Raia wa Kenya anahitaji viza, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza katika ubalozi wa Misri uliopo Nairobi masharti ya wakati huo na muda wa kusubiri. Usilipie hoteli isiyorudisha pesa kabla viza haijatoka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima vilevile, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, nacho cheti hudumu maisha yote ya mwenyewe. Aliyekwisha kuchanjwa kwa ajili ya safari nyingine hana haja ya kuchanjwa tena, ila akitafute cheti chake mapema, maana kadi hiyo ina tabia ya kujificha chini ya droo wiki ileile inapohitajika.

Msimu unaofaa ni kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili. Kati ya Mei na Septemba joto la Luxor na Aswan hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na mawe ya hekalu huhifadhi joto hilo kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Mwezi wa Desemba na wa Januari mchana huwa wa kupendeza, lakini alfajiri huwa na baridi inayokaribia ile ya Limuru mwezi Julai, kwa hiyo sweta isikose. Majira ya kuchipua huvuma upepo wa vumbi kutoka jangwani uitwao khamsin, jina lenye asili moja na hamsini yetu, kwa kuwa huhesabiwa kuwa msimu wake ni wa siku 50. Ramadhani nayo izingatiwe: saa za kufungua maeneo hupunguzwa, na dereva wako huenda amefunga, hivyo ni uungwana kupanga siku imalizike mapema ili apate kufuturu mahali pa maana badala ya kando ya barabara.

Kuhusu pesa, kiingilio katika maeneo makuu sasa hulipwa kwa kadi ya benki, si kwa noti. Beba kadi iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi, na ikiwezekana uwe na mbili za benki tofauti. M-Pesa, ambayo mtu wa Nairobi amezoea kulipia hata fungu la sukuma wiki, haina kazi langoni mwa hekalu la Karnak. Wakati huohuo utahitaji noti ndogo ndogo za pauni ya Misri kwa ajili ya vyoo, wabebaji mizigo na walinzi. Mashine za benki hutoa noti kubwa, basi kila unaponunua maji dukani toa noti kubwa na uhifadhi chenji kwenye mfuko wake wa pekee. Mwanafunzi mwenye kitambulisho halali cha kimataifa asikiache nyumbani, kwa sababu hulipa takriban nusu ya kiingilio cha mgeni.

Kuna somo dogo la kufanya ndani ya ndege, ambayo kutoka Jomo Kenyatta hadi Cairo huchukua takriban saa tano ikiwa ni ya moja kwa moja. Jifunze tarakimu zinazotumika Misri kwenye bei, nambari za magari na vyumba. Aliyepitia madrasa ya Pumwani au ya Mombasa atazitambua mara moja. Wengine wajue kwamba nukta ndiyo sifuri, na kile kiduara tunachokiona kuwa sifuri ndicho tano. Alama kama V ni saba, na ikipinduliwa inakuwa nane. Majina ya tarakimu hayatakusumbua sana, kwa kuwa sita, saba na tisa zetu zilitoka hukohuko, pamoja na hesabu na tafadhali. Neno bakshishi nalo tunalo tayari, na utalisikia kabla mizigo yako haijatua.

Usichanganye saa. Misri iko nyuma ya Kenya kwa saa moja wakati wa baridi yao, na sawa na Kenya wanaposogeza saa zao mbele katika miezi ya joto. Hatari zaidi ni ile ya lugha: dereva akisema khamsa, yaani tano, anamaanisha saa kumi na moja yetu. Shangazi yangu niliyesafiri naye aliandikiwa 4 kwenye kipande cha karatasi, akaisoma saa nne asubuhi kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa Lamu angeisoma, akaenda kulala kwa amani. Saa kumi na nusu alfajiri tulikuwa bado tunamgongea mlango, na jua la Abu Simbel, kwenye mahekalu ya kusini mwa Aswan, tulilikuta limekwisha kupanda.

Gari, dereva na mwongozaji

Usifikirie kuendesha mwenyewe. Misri magari hupita upande wa kulia, matuta yasiyo na alama ni mengi, baadhi ya magari hutembea usiku bila taa, na kwenye vizuizi vya polisi dereva mwenyeji humaliza mambo kwa sentensi mbili huku wewe ungali unapekua mkoba. Vizuizi hivyo ni vingi katika Misri ya Juu, yaani kusini mwa nchi. Havina la kuogopesha, lakini pasipoti iwe karibu, na wakala apewe majina na nambari za pasipoti za abiria wote siku kadhaa kabla, hasa kwa ajili ya barabara ya Abu Simbel.

Dereva na mwongozaji ni watu wawili, wenye ada mbili. Dereva hubaki na gari, naye mwongozaji huingia nawe hekaluni. Mwongozaji halali ana leseni ya Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale, na hataona ubaya ukimwomba aionyeshe. Leseni peke yake haitoshi kukuambia kama mtaelewana, kwa hiyo mimi huuliza swali moja kabla ya kulipa: Abydos tutakaa muda gani? Anayejibu nusu saa namshukuru na kutafuta mwingine. Anayejibu kwamba inategemea kama ninataka kuona vyumba vyote saba vya ndani, huyo nakaa naye nizungumze bei.

Si lazima kumlipa mwongozaji kila siku. Karnak, Abydos na Dendera, na Edfu ndiko anakohitajika kwa kweli, maana huko kuta zimejaa maandishi na bila mtu wa kukuonyesha utaona mchoro mmoja uliorudiwa mara elfu. Abu Simbel unaweza kuingia peke yako kwa kusoma usiku uliotangulia. Vilevile fahamu kwamba ukiongeza Bonde la Wafalme katika ratiba, waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani ya makaburi. Wao hueleza nje, kisha wewe unashuka.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Yaseme wazi kama bei inajumuisha mafuta, maegesho, chakula na malazi ya dereva akilala nje ya mji wake, na kama inajumuisha viingilio, ambavyo mara nyingi haviingizwi. Yaseme gari ni la namna gani, kwa kuwa abiria wanne wenye masanduku katika gari dogo ni mateso ya saa tatu, na yaseme kiyoyozi kinafanya kazi. Kisha ongeza sentensi moja ambayo mimi niliijua nikiwa nimechelewa: hakuna kusimama madukani isipokuwa kwa ombi la msafiri. Katika safari yangu ya kwanza mwongozaji mmoja alitupitisha kwenye karakana ya mawe, duka la mafunjo na duka la manukato, kote huko akipata kamisheni yake, na tulipofika hekalu la Medinet Habu mlinzi alikuwa ameshika kufuli mkononi. Chai tulikunywa nyingi siku hiyo.

Kulisoma jengo kabla ya kusoma ukuta

Hekalu la Misri halikuwa mahali pa waumini kukusanyika kama msikiti au kanisa. Lilikuwa nyumba ya mungu, na wengi hawakuvuka ua wa mbele. Ukilijua hilo, mpangilio wa jengo unajieleza. Mbele kuna lango kubwa la kuta mbili kama minara, ambako mfalme amechongwa akiwapiga maadui. Nyuma yake kuna ua ulio wazi, kisha ukumbi wa nguzo, kisha vyumba vidogo zaidi na zaidi hadi chumba cha giza kilichokuwa na sanamu ya mungu. Tembea pole pole na uhisi kwa miguu: kila kizingiti unachovuka sakafu inapanda kidogo, dari inashuka, na mwanga unapungua, mpaka unajikuta unanong'ona bila kuambiwa.

Tazama pia namna jiwe lilivyochongwa. Kwenye kuta za nje zinazopigwa na jua, wachongaji walizamisha picha ndani ya jiwe ili kivuli kiichore pembezoni. Ndani, kwenye mwanga hafifu, walipunguza jiwe linalozunguka ili picha ijitokeze kama kofi chini ya shuka. Majina ya wafalme yamefungwa ndani ya kitanzi chenye umbo la yai. Pale kitanzi kimechimbwa na kuandikwa upya, mfalme wa baadaye alikuwa akijitwalia kazi ya mwenziwe, na Ramesses wa Pili hakuwa na haya katika jambo hilo. Nyuso zilizopigwapigwa kwa patasi mara nyingi ni kazi ya Wakristo wa karne za mwanzo, na masizi kwenye dari ni ya moto uliowashwa na watu waliowahi kuishi humo.

Luxor, kwa siku mbili

Anzisha gari Luxor, si Cairo. Kutoka Cairo hadi Luxor kwa barabara ni takriban kilomita 650 za jangwa zisizo na faida kwa mtu mwenye siku saba, ilhali ndege huchukua kama saa moja.

Karnak ifunguliwe nawe mlangoni, saa kumi na mbili asubuhi. Ukumbi wake mkuu una nguzo 134, na zile 12 za katikati zina kimo cha takriban mita 21, sawa na jumba la ghorofa saba. Mwanga wa mapema huingia kwa mshazari kati ya nguzo, na kwa nusu saa hivi unaweza kusikia ndege. Usikose mnara wa jiwe moja wa malkia Hatshepsut, wenye kimo cha karibu mita 29, ambao bado umesimama. Hekalu la Luxor liachie jioni, taa zinapowashwa. Njia ya sanamu za simba wenye vichwa vya binadamu au vya kondoo inayounganisha mahekalu hayo mawili, yenye urefu wa kilomita 2.7 hivi, ilifunguliwa upya mwezi Novemba 2021 na inafaa kwa miguu jua likishapoa.

Siku ya pili vuka hadi ukingo wa magharibi. Hekalu la Hatshepsut pale Deir el-Bahari limepigwa picha mno kutoka mbali, lakini Mwafrika Mashariki ana sababu ya kulikaribia. Kwenye baraza ya kati, upande wa kushoto, kumechongwa msafara aliouagiza malkia huyo, katika karne ya 15 kabla ya Kristo, kwenda nchi ya Punt, ambayo wataalamu huiweka pande za kusini za Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika. Utaona nyumba zilizojengwa juu ya miguu ya miti na ngazi za kupandia, miti ya manemane ikibebwa ndani ya vikapu pamoja na mizizi yake, nyani, na samaki wa baharini waliochongwa kwa uangalifu mkubwa. Simama hapo. Watalii wengi hupanda moja kwa moja hadi juu kupiga picha za bonde, na baraza hiyo mara nyingi huwa tupu.

Kutoka hapo nenda Medinet Habu, hekalu la Ramesses wa Tatu, ambalo rangi zake za dari zimesalia na michongo yake imechimbwa kwa kina cha kuingiza kiganja. Sanamu mbili kubwa za Amenhotep wa Tatu ziko kando ya barabara. Dakika kumi zinazitosha.

Abydos na Dendera, ambako gari linajilipa

Siku ya tatu ndiyo ya kuamka mapema. Abydos iko takriban kilomita 160 kaskazini mwa Luxor, mwendo wa karibu saa tatu ukihesabu vizuizi na matuta ya vijijini. Anza na hilo la mbali, kisha Dendera ukirudi. Omba hoteli ikufungie kiamshakinywa, ulale garini, na utaamka kwenye mashamba ya miwa, punda wenye mizigo ya majani na watoto wanaokwenda shule, mandhari ambayo mtu wa Mumias hataiona ngeni.

Hekalu la Abydos lilijengwa na Seti wa Kwanza, na mwanawe Ramesses wa Pili ndiye aliyemalizia kumbi za mbele. Tofauti ya mikono yao inaonekana bila kufundishwa. Kumbi za mbele zina michongo ya kuzamishwa, ya haraka, iliyotawanyika. Ukiingia ndani kwa Seti, michongo inajitokeza kwa ulaini ambao sijauona popote pengine Misri: mikunjo ya kitani juu ya goti la mfalme, manyoya ya bawa moja moja, ncha za vidole zilizopinda kidogo kushika chetezo. Kuna vyumba saba sambamba, kimoja kwa kila mungu na cha saba kwa Seti mwenyewe, na vingi bado vina rangi. Mlinzi mmoja alituona tumesimama gizani, akaenda mlangoni na kipande cha kioo, akakamata jua na kulirusha ukutani, na uso wa mungu wa kike Isis ukawaka kama mtu aliyeamshwa. Bakshishi ya mtu yule sikuijutia.

Katika ujia wa kushoto kuna orodha ya wafalme: safu mbili zenye majina 76 ya waliomtangulia Seti na lake mwenyewe, na safu ya tatu inayolirudia jina lake. Mwulize mwongozaji ni nani hawamo. Hatshepsut hayumo, Akhenaten hayumo, Tutankhamun hayumo. Orodha ile ilikuwa ya kutolea sadaka kwa mababu, na mababu wasiotakikana waliachwa nje ya sadaka, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kikao cha urithi nyumbani kwao ataelewa bila mkalimani. Juu karibu na dari ya ukumbi wa mbele utaonyeshwa pia mchongo unaoitwa helikopta. Ni maandishi ya Seti yaliyofunikwa kwa lipu na kuchongwa upya na mwanawe. Lipu ilipoanguka, alama mbili zikaonekana kwa pamoja. Cheka na uendelee.

Fika Dendera kabla ya saa tisa alasiri. Hekalu la Hathor liko karibu na mji wa Qena, takriban kilomita 60 kutoka Luxor, nalo lina paa lake lote, kwa hiyo ndilo linalokupa hisia ya jengo zima badala ya magofu. Ukumbi wa mbele una nguzo 24 zenye kichwa cha mungu huyo wa kike kila upande. Uinue uso: dari iliyosafishwa masizi sasa ina buluu ya anga na nyota na mashua za jua. Kwenye paa kuna chumba kilichokuwa na mchoro maarufu wa duara la nyota. Wa asili uliondolewa mwaka 1821 na uko jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na unaouona hapo ni nakala. Kupanda huko kuna ngazi mbili, moja ya kuzunguka na moja ya kunyooka, na kutani kwake makuhani wamechongwa wakipanda na kushuka pamoja nawe kwa sherehe ya mwaka mpya. Kabla ya kuondoka zunguka nje hadi ukuta wa nyuma: Cleopatra wa Saba amesimama hapo na Caesarion, mwanawe aliyemzaa na Julius Caesar. Hakuna cha kuonyesha sura yake halisi, maana amechongwa kama malkia yeyote wa Misri. Hilo lenyewe ni habari.

Kusini, kwa njia ya Hathor

Kila mwaka sanamu ya Hathor ilipakiwa mashuani Dendera na kupandishwa mto hadi Edfu, kumtembelea mumewe Horus. Siku ya nne gari lako linamfuata. Luxor hadi Aswan ni kama kilomita 215, na kuna vituo vitatu njiani.

Esna iwe ya kwanza, nayo itakuokoa na msongamano wa Edfu. Hekalu la mungu Khnum limezama shimoni, takriban mita tisa chini ya barabara, katikati ya mji wenye maduka ya vitambaa. Kilichobaki ni ukumbi mmoja tu, lakini kazi ya usafi iliyoanza 2018 kwa ushirikiano wa Wamisri na Wajerumani imefufua rangi za dari na za vichwa vya nguzo. Saa moja inatosha, na ukiondoka hapo utafika Edfu meli zimekwisha kuwarudisha abiria wao.

Edfu ilianza kujengwa mwaka 237 kabla ya Kristo na kukamilika mwaka 57 kabla ya Kristo, chini ya Waptolemayo, wafalme wa Misri wenye asili ya Kigiriki, na ndilo hekalu lililohifadhika vizuri kuliko yote, kwa sababu mchanga ulilifukia na watu wakajenga nyumba juu ya paa lake mpaka mwanaakiolojia Mfaransa Auguste Mariette alipoanza kulifukua mwaka 1860. Lango lake lina kimo cha mita 36. Hapa mpe mwongozaji muda, hasa kwenye ujia wa nje upande wa magharibi, ambako Horus anamchoma adui yake Seth kwa chusa. Seth amechongwa kama kiboko, lakini kiboko mdogo kuliko mbwa, kwa kuwa mnyama yule akichongwa kwa ukubwa wake ndani ya mahali patakatifu angeweza kuleta madhara. Anayetoka Kisumu na kuwajua viboko wa Dunga ataona jinsi wachongaji walivyojilinda.

Kom Ombo utafika mchana, jua likiwa kali na meli nyingi hazijaja, bora jua. Hekalu limegawanyika katikati, nusu ya Sobek mwenye kichwa cha mamba na nusu ya Horus Mkubwa, kila mungu na mlango wake. Mamba waliokaushwa wamewekwa katika jumba dogo la makumbusho kando. Angalia pia kisima cha kupimia kina cha Nili, ambacho kilisaidia kukadiria mavuno na kodi. Mafuriko yaliyopimwa hapo yalitoka hasa nyanda za juu za Ethiopia. Maji yetu ya Nzoia, Yala na Mara, yakipitia Ziwa Viktoria, yaliuweka mto hai wakati wa kiangazi.

Abu Simbel na Philae

Kutoka Aswan hadi Abu Simbel ni takriban kilomita 280 za jangwa tupu. Ondoka saa kumi alfajiri, na mhakikishe wote mmeielewa hiyo saa. Mahekalu mawili ya Ramesses wa Pili, lake na la mkewe Nefertari, yalikatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu kati ya 1964 na 1968 ili yasizame katika ziwa la Bwawa Kuu la Aswan. Ukikaribia sanamu za mbele, tafuta mistari myembamba ya msumeno iliyozibwa, na mkiipata mtastaajabu zaidi kuliko mlipokuwa mbali. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua hupenya hadi chumba cha ndani na kuangaza sanamu tatu kati ya nne, mungu Ptah akiachwa gizani. Umati wa siku hizo ni mkubwa mno. Wiki moja kabla au baada inapendeza zaidi.

Ziwa hilohilo liliwahamisha Wanubi wa Misri kutoka vijiji vyao, na wengi walipelekwa karibu na Kom Ombo. Msafiri wa Kibra asitarajie kuelewana nao kwa Kinubi cha nyumbani, ambacho kilizaliwa katika kambi za askari kutoka Sudan na kina msingi wa Kiarabu. Lugha za Wanubi wa Aswan ni nyingine kabisa. Atapokelewa vizuri hata hivyo.

Philae liwe la mwisho. Liko kisiwani, na gari huishia kwenye gati ya Shellal, ambako mashua hulipwa kando na kiingilio. Patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla ya kukanyaga mashua, na ulipe mkisharudi. Hekalu hili la Isis nalo lilihamishwa jiwe kwa jiwe, hadi kisiwa cha Agilkia. Mwombe mwongozaji akuonyeshe maandishi ya tarehe 24 Agosti 394, ambayo ndiyo hieroglifu, yaani maandishi ya picha ya Wamisri wa kale, za mwisho zinazojulikana kuandikwa. Ni mistari michache tu karibu na mchongo wa mungu Mandulis, iliyochongwa kwa mkono ambao hauna tena uhakika na alama zake.

Dereva mpe bakshishi yake mkononi mnapoagana, mbali na macho ya wengine, na umpe kwa pauni za Misri. Zilizobaki mfukoni zimalizie hapohapo Aswan kwa karanga na hibiskasi, maana River Road hazitakununulia hata kikombe cha chai.